Ganda la Risasi la Tumbaku ya Mama

Mimi ni mtu wa papara. Watoto wangu wana msemo wao nyumbani: Mama akikasirika kaa, Mama akifurahi kimbia. Makosa niliyoyafanya kwa hasira ni machache, nayakumbuka yote na nimeyaombea msamaha. Ya furaha ndiyo yamenishinda kuhesabu, na hili la ganda la risasi la mama yangu ndilo kubwa lao.

Naishi Kitale, nje kidogo ya mji ukielekea Suam, kwenye kishamba changu cha mahindi na ndizi. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, yule mama wa koti jeupe anayefungia asidi kabatini na kuwafukuza wanafunzi wanaotaka kunusa kila chupa. Sasa nimestaafu. Wenzangu wanafuga kuku au wamejiunga na kwaya. Mimi nakusanya maganda ya risasi za zamani, zile za baruti nyeusi, ambazo wawindaji walipigia ndovu, nyati na vifaru wakati nchi hii yote ya mahindi ilikuwa nyasi na wanyama.

Ndiyo, najua. Mwanamke mzima. Majirani wameshasema yote, mengine mbele yangu.

Lakini ngoja nikueleze, maana nikianza siwezi kunyamaza. La kwanza lilitoka shambani kwangu mwenyewe. Trekta lilikuwa likilima, mimi nyuma yake na jembe nikivunja mabonge, nikaona kitu cha kijani kimesimama kwenye mtaro. Urefu wa kidole cha kati, unene wa kidole gumba cha mwanamume. Nikakisugua kwa jivu na ndimu, na rangi ikaanza kutoka: shaba ya manjano, safi, utadhani ni ya jana. Nilipiga kelele hata dereva akazima injini, akidhani amenikanyaga mguu.

Risasi za siku hizi, ukitazama za askari, ganda lake limebanwa shingoni kama chupa. Haya yangu mengi hayana shingo. Yamenyooka kama mshumaa, kwa sababu baruti nyeusi ilitaka nafasi. Aliyetaka nguvu zaidi alijaza baruti zaidi, na ganda likarefushwa. Mengine ya kale kabisa yalitengenezwa kwa bati jembamba la shaba lililoviringishwa kama mkeka, likapigiliwa kwenye kitako cha chuma. Chuma kimeliwa na kutu, shaba imebaki. Na moshi! Mzee mmoja wa karibu na msikiti hapa Kitale, ambaye babu yake alikuja bara na misafara ya pembe, alinieleza walivyosimuliwa kwao. Ukifyatua tu, mbele yako pote panakuwa wingu jeupe. Ndovu humwoni. Hujui ameanguka au anakuja. Inabidi uruke kando ya moshi wako mwenyewe ndipo ujue kama umebaki hai. Siku hiyo nilitoka kwake nikitembea kama niliyelewa, na nilisahau kununua sukari niliyoendea.

Maganda yalipofika kumi na saba niliogopa sheria, nikayabeba kwenye kikapu hadi kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa zamu aliyageuza moja moja, akacheka. "Mama, hii ni vyuma tu," aliniambia. "Rakini ukipata yenye haijapigwa, usiguse. Tuite." Nilimwahidi. Kumbuka hapo kwamba nilimwahidi.

Kujua kama limepigwa au halijapigwa ni rahisi sana, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unaligeuza ganda ukitazame kitako chake. Katikati pana kifuniko kidogo cha duara, mfano wa kifungo cha shati, kinaitwa fataki. Ndani ya fataki mna unga kidogo mkali. Pini ya bunduki ikiigonga, unga unatoa cheche, cheche inawasha baruti, basi. Kwa hivyo kila ganda lililopigwa lina shimo dogo katikati ya fataki, kama kitovu cha mtoto. Lisilo na kitovu halijawahi kupigwa. Hakuna ubishi, na hakuna ganda linaloweza kukudanganya.

Sasa, chanzo cha ugonjwa wangu huu wote ni Mama.

Mama amepita miaka themanini. Anaishi Kimilili, kwenye boma la watu wao, upande wa juu ambako barabara inapandia Cheptais. Ananusa tumbaku tangu ujana wake, na tumbaku hiyo huiweka ndani ya ganda la risasi ya baruti nyeusi, refu kuliko yote niliyowahi kuona, limezibwa kwa kipande cha gunzi. Akitaka kunusa huligonga kitako mara tatu kwenye mkono wa kiti chake cha mbao, tumbaku ishuke vizuri, kisha anang'oa gunzi. Akiwa na mawazo hulishika tu mkononi na kusugua kitako kwa kidole gumba, huku na huku, huku na huku. Hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Nilipokuwa mdogo nililigusa mara moja tu, na masikio yangu yanakumbuka.

Lilikuwa la babu yake, Kuka kwa lugha yetu. Kila Krismasi Mama alitusimulia, na kila Krismasi nilisikiliza kama mara ya kwanza. Babu yake alikuwa mbeba bunduki wa mwindaji mmoja Mzungu, huko juu kwenye msitu wa Elgon. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya Mzungu akiwa na bunduki ya pili na risasi za akiba kati ya vidole. Siku moja Mzungu alimpiga ndovu, moshi ukajaa, na ndovu akatokea katikati ya moshi ule akiwa mzima na hasira zake. Mzungu akaanguka. Hapo babu akainua bunduki ya pili, akapiga, na ndovu akapiga magoti mbele yake. Ganda lilipotoka, akaliokota, akaja nalo nyumbani. Tangu hapo boma la Mama likaitwa kwa mpiga ndovu, na Mama mwenyewe alitembea sokoni Kimilili kama mjukuu wa mpiga ndovu.

Mtu mmoja tu hakukubali: mjomba wangu, binamu yake Mama, mtoto wa baba mdogo. Huyu ni mwanajeshi mstaafu, mgongo umenyooka kama ubao, na yeye babake alimwambia kwamba mzee hakubeba bunduki yoyote, alibeba masufuria. Wamebishana juu ya jambo hilo tangu nizaliwe. Tulizoea, tukawa tunacheka. Lakini mwaka jana ukoo ulikubaliana kujengea upya kaburi la babu huyo kwa saruji, na Mama akataka maneno mawili yaandikwe juu yake: MPIGA NDOVU. Hapo kicheko kikaisha.

Nilikuwepo kwenye kikao, sebuleni kwa Mama. Mjomba aliweka kikombe cha chai chini polepole.

"Dada, si ukweri ndio unatakiwa kwa kaburi?" alisema. "Mimi nimekula mkate ya jeshi miaka mingi. Lisasi naijua. Siku hiyo ulete hiyo ganda yako, mimi nitaiangaria na macho ya askari, mbele ya watu wote. Kama ilipigwa, nitaandika hayo maneno na mkono yangu mwenyewe. Kama haikupigwa, basi tuandike mpishi, bana."

"Utaandika," Mama alimjibu. "Na utaandika na herufi kubwa, sisi wazee tusome bila miwani."

Alijibu kwa sauti ya juu, lakini kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kitako cha ganda mbio kuliko kawaida. Niliona, na nikafikiri ni hasira.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alifanya jambo ambalo sikulitarajia hata siku moja. Aliimwaga tumbaku kwenye kichupa cha dawa ya presha, akanipa ganda. "Wewe ndio unajua kung'arisha hizi vitu zako," alisema. "Lirudi kama jua." Sitasahau uzito wake kiganjani. Nilikuwa nimengoja zaidi ya miaka hamsini. Nilililaza ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mkoba, mkoba kifuani, nikaondoka Kimilili hadi Kitale bila kumsemesha mtu.

Nilipofika sikuvua hata viatu. Nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaligeuza.

Kitako kilikuwa laini. Sijui niseme vipi. Kidole cha Mama kilikuwa kimeifuta namba na herufi zote, na katikati, fataki imezama kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, duara safi, ya mviringo, haina alama. Haina shimo. Nikaleta miwani. Nikaleta kioo cha kukuzia kilichobaki nami kutoka maabara. Haina kitovu! Risasi hii ilitolewa kichwa na baruti, ikatiwa tumbaku, lakini haikuwahi kupigwa na bunduki yoyote duniani.

Na unajua nilichofikiri kwanza? Sikumfikiria babu wala kaburi wala Mjomba. Nilifikiria ule mkono wa kiti. Tap, tap, tap. Asubuhi, mchana, jioni, miaka yote ile Mama aligonga kitako cha risasi yenye fataki nzima kwenye mbao, sote tumekaa kumzunguka tukila mahindi ya kuchoma! Kuzama kule kwa unene wa ukucha ndiko kulikokiokoa kidole chake. Kisha, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, nikaanza kufurahi. Fataki ya zaidi ya miaka mia, nzima, mkononi mwangu. Je, bado ina uhai?

Ningepiga simu kituoni. Nilijua. Lakini wangelichukua, na Mama asingeliona tena, na siku ya kaburi ilikuwa inakaribia. Kulirudisha vile lilivyo nako kusingewezekana. Angeanza kugonga kabla sijafika langoni. Njia niliyoiona ilikuwa moja: kuimaliza fataki mwenyewe. Sikulala juu ya wazo hilo hata kidogo. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na nilikuwa na jiliwa la kubania chuma kwenye banda la nyuma.

Nilivaa miwani ya maabara, na juu yake kofia ya pikipiki ya mwanangu. Nikavaa koti langu jeupe pia, usiniulize kwa nini. Nikalibana ganda kwenye jiliwa, kitako juu, mdomo ukielekea kwenye ndoo ya mchanga. Nikafunga msumari kwenye mpini mrefu wa ufagio ili mkono wangu ukae mbali, nikaweka ncha yake katikati ya fataki, nikainua nyundo.

Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu msumari ukateleza, nikagonga meza. Nikaanza kujicheka ndani ya ile kofia: mama mzima unapigana na kikopo cha tumbaku. Basi ya nne nikapiga kwa nguvu za kuvunjia kuni.

PA!

Kuku wote wakaruka. Mchanga ukatimka ndani ya ndoo, moshi kidogo mweupe ukapanda mbele ya uso wangu na harufu ambayo sijawahi kuinusa, kali, ya zamani. Jirani akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua: "Mwalimu! Ni tairi ya nani imepasuka?"

"Si tairi!" nilimjibu. "Ilikuwa inangoja! Ilikuwa inangoja miaka yote hiyo!"

"Ati nini?"

Nilikuwa nacheza. Nawaambia kweli, nilizunguka lile banda nikicheza na kofia kichwani, mwanamke wa miaka sitini kasoro. Unga uliowekwa na mtu ambaye hata mifupa yake haijulikani iko wapi, ukasafirishwa kwa meli, ukabebwa kichwani kutoka pwani, ukapandishwa mlimani, ukakaa chini ya tumbaku ya mama yangu, na bado ulikuwa na neno la kusema! Nilicheka hadi machozi yakaziba miwani.

Nilipotulia nikalifungua ganda, nikalipeleka bombani kuliosha. Ndipo nikalitazama.

Lilikuwa na kitovu.

Shimo dogo, la duara, katikati kabisa ya fataki. Mkono wangu ulikuwa umelenga vizuri. Nililiweka kando ya yale maganda yangu kumi na saba, kitako kwa kitako, na hakuna fundi yeyote ambaye angesema kwamba hili lilipigwa kwa msumari na ufagio na yale kwa bunduki. Nilikaa juu ya ndoo ya mchanga. Ushahidi pekee uliokuwepo ulimwenguni kwamba babu wa mama yangu hakumpiga ndovu, nilikuwa nimeufuta kwa nyundo, saa nane mchana, nikicheka. Mahali pake nikaacha ushahidi kwamba alimpiga.

Ningempigia Mama simu. Nilishika simu mara kadhaa. Lakini nisidanganye: nilipolifikiria vizuri, nilifurahi tena. Mjomba angeangalia kwa yale macho yake ya askari, angeona shimo, na mdomo wake ungefungwa mpaka kufa. Mama angepata maneno yake juu ya kaburi. Yeye mwenyewe hajui mambo ya fataki, nikajiambia. Anaamini hadithi yake, na nani ataumia? Kwa siku zilizobaki nilisugua ganda lile kwa jivu na ndimu mpaka uso wangu ukaonekana ndani yake. Nililirudisha kwa Mama asubuhi ya siku yenyewe, watu wamejaa, sufuria ziko motoni. Alilitia mfukoni mwa gauni bila kulitazama, kwa sababu wageni walikuwa wanamsalimu.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba. Kaburi lilikuwa limeshapigwa lipu, na fundi alikuwa ameacha nafasi ya saruji mbichi ili maneno yaandikwe kwa msumari. Mjomba alikuja amevaa suti, nishani zake zote kifuani. Alisimama mbele ya watu kama anakagua gwaride.

"Watu wetu, mulembe," alianza. "Mimi na dada yangu tumebishana mpaka tumezeeka. Leo tunamaliza. Lisasi ikipigwa, pini inaacha shimo hapa nyuma, katikati, kama kitovu. Isipopigwa, hapo ni laini. Hakuna kingine. Dada, leta."

Nilikuwa namtazama Mama. Niliona uso wake ukipauka.

Hapo nilielewa. Mama hakuwa anajua ni sehemu gani ya ganda ingesema. Lakini kitako kile alikuwa amekisugua maisha yake yote. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba ni laini. Na hakushangaa. Alichokuwa nacho usoni ni woga wa mtu aliyeshikwa. Alikuwa anajua tangu zamani kwamba babu yake hakupiga.

Alilitoa mfukoni, akalinyoosha kwa Mjomba huku ameinamisha kichwa. Mjomba akaligeuza. Akalisogeza karibu na macho. Akalisogeza mbali. Nilisikia mafuta yakichemka jikoni.

Kisha Mjomba akagonganisha visigino vyake, akainua mkono kwenye paji la uso, akampigia saluti mama yangu.

"Ilipigwa," alisema. "Dada, nisamehe. Kuka alipiga ndovu. Leteni msumari."

Vigelegele vililipuka! Wanawake walirukaruka, vijana wakapiga viti, mtu akaanza wimbo. Na mimi, mkosaji mwenyewe, nilikuwa napiga vigelegele kuliko wote, nalia, naruka. Mjomba tayari alikuwa amepiga goti kando ya saruji mbichi na msumari mkononi, ameshaandika jina la babu.

Mama alilipokea ganda lake. Kidole gumba kikaenda mahali pake pa siku zote. Kikasimama.

Alisugua tena, polepole. Akaligeuza, akatazama. Halafu aliinua macho akanitafuta katikati ya watu wote wale, akanipata, na vigelegele vyangu vikakatika mdomoni.

"Ngoja," Mama alisema. "Wewe, usiandike."

Mjomba akageuka, msumari hewani. "Si nimekubali, Dada? Ama unataka nipige magoti mbili?"

"Kuka hakupiga."

Watu wakasogea karibu. Wapishi wakaacha miiko yao wakaja.

"Kuka hakupiga," alirudia. "Aliniambia mimi peke yangu, nilikuwa msichana, ninamsagia tumbaku. Alibeba bunduki, hiyo ni kweli, masufuria ni uongo. Mzungu alipiga, moshi ikajaa. Kuka akasikia miti inavunjika mbele yake. Alikuwa ameshika hii kati ya vidole, ya kuweka kwa bunduki. Sasa sikizeni vile alifanya. Alitupa bunduki, akakimbia!"

Na mama yangu, mwenye magoti mabovu, ambaye kanisani huinuliwa na watu wawili, alishika gauni lake kwa mikono miwili, akalipandisha, akaanza kukimbia pale pale aliposimama. Alitimka! Alitupa viwiko, alipinda kupita miti, aliruka magogo ambayo sisi hatuyaoni, aliinama chini ya matawi. "Upupu ikamchoma, hakusikia! Mto akavuka, hakujua ni mto! Mzungu anaita, yeye tayari yuko Cheptais!" Watu walianza kucheka, kisha wakaanza kushangilia, kisha wakawa wanapiga kelele "Kimbia, Kuka! Kimbia!" na mimi nilipiga kelele nao, sikuweza kujizuia, kana kwamba ndovu yuko nyuma ya hema la wageni.

"Akafika hapa," Mama alisema akihema, akionyesha ardhi chini ya miguu yake. "Bunduki alitupa, hii alisahau kutupa. Vidole vilikataa kufunguka. Mama yake alivifungua moja moja. Watu wakaona lisasi kwa mkono, wakasema huyu amepiga ndovu. Yeye hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mwaka huo huo akaoa. Na baruti bibi alimwaga kwa jiko, ikamchoma nyusi."

Mjomba alikuwa bado amepiga goti. Alicheka hadi nishani zikalia kifuani, kisha nikaona anafuta macho kwa mkono wenye saruji. "Kwa hivyo angesimama," alisema, "mimi na wewe tungekuwa wapi?"

"Hatungekuwa."

"Na Mzungu?"

"Alipona, akaenda kwao. Ndovu naye akaenda kwake."

"Dada, harakisha, simiti inakauka. Niandike nini?"

Mama aliteremsha gauni lake vizuri. "Andika alifika nyumbani."

Mjomba akaandika, kwa herufi kubwa, ulimi umetoka nje kama mtoto wa darasa la kwanza, na watu wakaimba mpaka akamaliza. Sijawahi kuona kaburi lenye furaha namna ile.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya sufuria za wali. Mama alinikuta huko. Hakunipigia kelele. Nilianza kumweleza mambo ya fataki, na kiti, na kidole chake, kwamba nilitaka tu asiumie, kwamba sikuwa nimefikiria, na yote hayo ni kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimemfunikia Kuka na mdomo yangu miaka yote," alisema. "Mdomo ni yangu, naweza kuifungua, naweza kuifunga. Lakini hii alama si yake, na si yangu."

Alinishika mkono, akaniwekea ganda kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja mpaka vikafunga.

"Hii ni yako sasa," alisema. "Ya Kuka ilikuwa laini."